Kuhamisha Mfumo wa Kompyuta ya Zamani kwenda Kompyuta Nyingine: Mambo ya Kujua Kabla Diski Haijaguswa

Kompyuta nyingi za madukani, shuleni na majumbani haziharibiki vipande vyote kwa siku moja. Mara nyingi kinachokufa ni ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, au kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Diski kuu, ambayo ndiyo ghala la kumbukumbu za miaka mingi, hubaki nzima. Hapo mwenye kompyuta huuliza swali lenye mantiki kabisa: je, diski hii haiwezi kuchomolewa na kuwekwa katika kompyuta nyingine, kazi ikaendelea pale ilipoishia?

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la pembejeo za kilimo mjini Morogoro. Mwaka 2012 alinunua kompyuta yenye mfumo wa Windows 7. Kijana mmoja akamwekea programu ya mauzo, na kwa zaidi ya miaka kumi mama huyo ameandika humo bei, bidhaa zilizomo stoo, na madeni ya wakulima wanaochukua mbegu na mbolea kwa mkopo ili walipe baada ya mavuno. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi alipima akasema ubao mkuu umeungua, lakini diski ni nzima. Akatafuta kompyuta nyingine ya mtumba, akaihamishia diski ile. Kompyuta iliwaka, nembo ya Windows ikaonekana, kisha ikatokea skrini ya buluu yenye maandishi meupe. Ikajizima, ikawaka, ikarudia hivyo hivyo. Baada ya kujaribu mara tatu fundi akasema, "Mama, hapa dawa yake ni kupiga Windows upya."

Sentensi hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Kupiga Windows upya huweza kuifanya kompyuta iwake ndani ya saa moja. Huweza pia, ndani ya saa hiyo hiyo, kufuta madeni ya msimu mzima. Mlaji anayefahamu nini kimo ndani ya diski yake, na nini hasa kimegoma kufanya kazi, anaweza kumjibu fundi kwa maneno yatakayookoa mali yake.

Vitu vitatu ndani ya diski moja

Ndani ya diski kuu hukaa vitu vitatu vyenye thamani tofauti.

Cha kwanza ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta, kuvisimamia vifaa vyake na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows ni mfumo endeshi, Linux vilevile. Mfumo endeshi unaweza kupatikana upya, kwa kuununua au, kwa baadhi ya mifumo, bila malipo.

Cha pili ni programu za kazi: ya kuandikia barua, ya hesabu, ya mauzo, ya matokeo ya wanafunzi. Nazo kwa kawaida hupatikana upya, ila si zote. Programu iliyotengenezwa na mtu mmoja kwa ajili ya duka moja huenda haina nakala nyingine popote duniani.

Cha tatu ni kumbukumbu zako mwenyewe: barua, picha, orodha za wadaiwa, hesabu za miaka iliyopita. Hizi hazinunuliki. Zikipotea na hakuna nakala, zimepotea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mfano wetu, daftari ni kumbukumbu, si Windows. Anayesema "nataka kompyuta yangu irudi kama ilivyokuwa" anaomba vitu vyote vitatu kwa pamoja, jambo ambalo wakati mwingine haliwezekani. Anayesema "nataka kwanza kumbukumbu zangu ziwe salama, mengine yafuate" anaomba jambo ambalo, diski ikiwa nzima, karibu kila mara linawezekana.

Kwa nini mfumo uliohamishwa hugoma

Windows inapowekwa katika kompyuta kwa mara ya kwanza, huvipima vifaa vilivyomo na kujipanga kuvitumikia. Ni mfano wa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja: mwingine anaweza kuivaa, lakini huenda ikambana mabegani au isiingie kabisa.

Kazi ya kuzungumza na kila kifaa hufanywa na programu ndogo ziitwazo viendeshi, ambazo mafundi huziita draiva. Kipo kiendeshi cha skrini, cha sauti, cha mtandao, na kilicho muhimu kuliko vyote wakati wa kuwaka: kiendeshi cha sehemu ya ubao mkuu inayosoma diski. Diski ikihamia kwenye ubao mwingine unaoisoma kwa njia tofauti, Windows huanza kuamka kisha hupoteza njia ya kuifikia diski ile ile iliyolala ndani yake. Hapo husimama na kuonyesha skrini ya buluu. Katika Windows 7 na zilizotangulia, namba ambayo huonekana mara nyingi kwa kosa hili ni 0x0000007B. Namba hiyo haisemi kwamba diski ni mbovu au kwamba kumbukumbu zimefutika. Inasema mfumo umeshindwa kuifikia diski ya kuanzia kazi.

Kosa hili wakati mwingine huondoka bila kufuta chochote. Bodi nyingi zina mpangilio wa namna ya kuisoma diski, ambao fundi huuona kabla Windows haijaanza. Namna ya zamani huitwa IDE, na iliyoifuata huitwa AHCI. Ikiwa mfumo uliwekwa kwa namna ya IDE na kompyuta mpya imepangwa kwa AHCI, kubadili mpangilio huo mmoja kunaweza kutosha kuiamsha Windows. Kwa hiyo mlaji ana haki ya kumuuliza fundi: "Umejaribu kubadili namna ya kusoma diski?" Swali hilo halina gharama.

Tofauti nyingine ni ya namna kompyuta inavyoanza kuamka. Kompyuta za zamani hutumia utaratibu uitwao BIOS. Za sasa hutumia UEFI. Mfumo uliowekwa chini ya BIOS huenda usionekane kabisa na kompyuta inayotumia UEFI pekee. Skrini hapo husema hakuna diski ya kuanzia, ingawa diski imo na ni nzima.

Umri wa vifaa nao huleta mipaka. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, wakati baadhi ya vifaa vya leo havijakuwapo. Katika kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, na za vizazi vilivyofuata, Windows 7 isiyoongezewa viendeshi haitambui matundu ya USB. Matokeo yake kibodi na kipanya hukaa kimya, na hata mfumo ukiwaka, mwenye kompyuta hana namna ya kuugusa.

Windows 10 na Windows 11 ni stahimilivu zaidi. Zinapojikuta katika kompyuta ngeni, aghalabu hutumia dakika kadhaa kuvitambua vifaa vipya, huwaka upya mara moja au mbili, kisha hufanya kazi. Aliyehamisha diski ya Windows 10 akafanikiwa asimcheke wa Windows 7 aliyeshindwa. Mifumo hiyo haikutengenezwa kwa uvumilivu uleule.

Leseni haifuati diski kila mara

Watu wengi huamini kwamba ukinunua kompyuta yenye Windows, Windows ile ni mali yako kama meza au kiti, na unaweza kuihamishia popote. Ukweli ni kwamba unachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti, na leseni hizo si za aina moja.

Ya kwanza ni leseni ya kiwandani, inayotambulishwa kwa herufi OEM. Huja pamoja na kompyuta na kwa masharti yake hufungwa na kompyuta ile ya kwanza. Ubao mkuu wa kompyuta hiyo ukifa na ukahamia kompyuta nyingine, leseni kwa kawaida haihami. Kwenye kompyuta za enzi ya Windows 7, ufunguo wa leseni ya namna hii, wenye herufi na tarakimu 25, ulibandikwa kwenye kibandiko nje ya kasha au chini ya kompyuta mpakato. Kuanzia enzi ya Windows 8, watengenezaji wengi huuhifadhi ufunguo huo ndani ya ubao mkuu wenyewe.

Ya pili ni leseni ya rejareja, inayonunuliwa peke yake. Hii inaweza kuhamishwa, mradi itumike katika kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Aliye na leseni ya rejareja ya Windows 10 au 11 anashauriwa kuiunganisha na akaunti yake ya Microsoft wakati kompyuta bado ni nzima. Akibadilisha vifaa baadaye, ataweza kuueleza mfumo, kupitia mipangilio ya uamilishaji, kwamba ni mtu yuleyule aliyebadili vifaa.

Ndiyo maana mfumo uliohamishwa unaweza kuwaka vizuri, kisha ukaanza kukukumbusha kwamba haujaamilishwa. Kumbukumbu zako hazifungwi kwa sababu hiyo, bali unatakiwa kuwa na leseni halali ya kompyuta mpya. Kabla ya kununua, angalia kwanza: kompyuta nyingi za mtumba zina leseni yake ndani ya ubao mkuu, na huenda huna haja ya kulipia nyingine. Jihadhari pia na anayekuuzia kwa bei ya kutupa "ufunguo wa maisha", au anayeweka programu ya kuidanganya Windows ionekane ina leseni. Programu za namna hiyo ni mojawapo ya njia zinazotumika kuingiza virusi, na mara nyingi anayeziweka hukutaka kwanza uzime kinga ya kompyuta yako.

Diski iliyofungwa kwa ufunguo

Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni huja na diski iliyofungwa kwa usimbaji fiche, yaani kumbukumbu zimeandikwa kwa namna isiyosomeka bila ufunguo. Katika Windows kinga hiyo huitwa BitLocker, au usimbaji wa kifaa. Kwa kawaida kompyuta hujifungulia yenyewe, na mwenyewe hata hajui kwamba kufuli lipo. Diski ikihamishiwa kompyuta nyingine, kufuli hilo hujitokeza na kudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48.

Hakuna fundi anayeweza kuukisia ufunguo huo. Ikiwa kompyuta ilifungwa kwa kutumia akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo umehifadhiwa katika akaunti hiyo na unaweza kuonekana kwa kuingia humo kupitia simu au kompyuta yoyote. Ikiwa ni kompyuta ya kazini, huenda uko kwa wahusika wa kompyuta wa ofisi yako. Usipopatikana kokote, kumbukumbu zile hazitasomeka, hata diski iwe nzima namna gani. Tunamshauri kila mwenye kompyuta mpakato autafute ufunguo huo leo, auandike kwenye karatasi na kuutunza pamoja na hati zake muhimu.

Njia nne, na wakati wa kila moja

*Kuhamisha kumbukumbu tu.* Kompyuta mpya huwekewa mfumo mpya unaofaa, programu huwekwa upya, kisha kumbukumbu hunakiliwa kutoka diski ya zamani. Diski hiyo huunganishwa kwa nje kwa waya maalumu wa USB, kama mtu achomekavyo flashi. Kwa walaji wengi hii ndiyo njia bora. Ugumu wake uko kwenye programu za mauzo na hesabu, ambazo aghalabu hazihifadhi kumbukumbu zake katika folda za Desktop na Documents bali katika hifadhidata iliyofichika kwingine. Aliyenakili folda hizo mbili pekee anaweza kuokoa picha za harusi na kuyaacha madeni nyuma.

*Kuhamisha diski kama ilivyo.* Hii inafaa pale mfumo ni Windows 10 au 11, au kompyuta mpya inapokaribiana sana na ya zamani. Ukipata kompyuta ya mtumba ya muundo uleule na toleo lilelile, hata Windows 7 huenda ikawaka bila manung'uniko. Njia hii isijaribiwe kabla ya kuwa na nakala rudufu.

*Kuufanya mfumo wa zamani mgeni ndani ya mpya.* Diski nzima ya zamani hugeuzwa kuwa faili moja kubwa, kwa mfano kwa zana ya bila malipo ya Microsoft iitwayo Disk2vhd. Kisha faili hilo huendeshwa ndani ya kompyuta mpya kwa programu kama VirtualBox, kana kwamba ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya dirisha. Mafundi huiita kompyuta pepe. Hii ni njia ya heshima kwa programu isiyo na nakala nyingine, au iliyo kongwe kiasi kwamba mifumo ya sasa haiipokei: Windows 11, kwa mfano, haiendeshi kabisa programu za biti 16 zilizoandikwa enzi za mwanzo za Windows. Hata hivyo, swali la leseni ya mfumo wa zamani hubaki lilelile, na kompyuta pepe ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti.

*Kutumia mfumo mwingine kabisa.* Ambaye kazi zake ni barua, intaneti na picha anaweza kuwekewa mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, usiodai malipo ya leseni. Mifumo hiyo hubeba viendeshi vyake vingi ndani yake, na kwa sababu hiyo hustahimili kuhamishwa kuliko Windows za zamani. Lakini programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows mara nyingi hazitafanya kazi humo, kwa hiyo uliza kwanza.

Je, mfumo wenyewe unastahili kuhamishwa?

Kila toleo la Windows lina siku ambayo mtengenezaji huacha kuziba matundu ya kiusalama yanayogunduliwa. Kwa Windows XP siku hiyo ilikuwa 8 Aprili 2014. Kwa Windows 7, 14 Januari 2020. Kwa Windows 8.1, 10 Januari 2023. Na kwa Windows 10, 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hiyo kompyuta haizimiki, lakini kila tundu jipya linalojulikana hubaki wazi.

Kwa hiyo mfumo uliopitwa na wakati usihamishwe ili uendelee kutumika kwa miamala ya benki, barua pepe na kazi za kila siku zenye intaneti. Uhamishwe, ikibidi, ili uokoe kilichomo. Unaponunua kompyuta ya mtumba kwa matarajio ya Windows 11, kumbuka kwamba mfumo huo unahitaji kumbukumbu ya muda isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha inayokubaliwa. Kwa Intel, kwa jumla, ni kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji akikwambia "hii inapokea Windows 11", mwambie aandike hivyo kwenye risiti.

Kabla ya kumkabidhi fundi

1. Andika kwenye karatasi kile usichoweza kukikosa: programu gani, kumbukumbu zipi, za kuanzia mwaka gani.

2. Usiruhusu chochote kiandikwe kwenye diski ya zamani mpaka nakala yake itengenezwe kwenye diski nyingine. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga au kukwaruza, izime na usiiwashe tena kwa majaribio. Kila kuiwasha huweza kuongeza hasara. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa kumbukumbu.

3. Hakikisha nakala inafunguka. Fungua mafaili machache ya zamani na machache ya karibuni katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa ni ahadi tu.

4. Kama programu ya mauzo bado inafunguka, tengeneza nakala ukiwa ndani ya programu yenyewe, na uchapishe orodha ya madeni kwenye karatasi.

5. Tafuta sidii, flashi au mafaili ya kuwekea programu zako, pamoja na funguo zake za leseni.

6. Usiifute diski ya zamani wala kuiuza mpaka umeitumia kompyuta mpya kwa wiki kadhaa, ukajiridhisha kwamba hakuna kilichosahaulika.

Iwapo Windows imekwisha kupigwa juu ya kumbukumbu, acha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Katika diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, kilichofutwa huendelea kuwapo mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake, hivyo mtaalamu anaweza kuokoa sehemu yake. Katika diski mpya za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu mfumo wenyewe huzisafisha nafasi zilizofutwa.

Makubaliano na haki zako

Mafundi wengi ni waaminifu, na magomvi mengi huzuka kwa sababu pande mbili hazikuelewana tangu mwanzo. Fundi alielewa "kompyuta iwake". Mteja alimaanisha "madeni yangu yarudi". Basi andikeni makubaliano, hata kwa mistari mitano: kazi gani itafanyika, nini hakitaguswa, bei ni kiasi gani, nani anabaki na diski ya zamani, na itakuwaje kazi isipofaulu. Sharti moja liandikwe waziwazi: *diski isifutwe wala kupigwa Windows bila idhini ya mwenye mali kwa maandishi.* Ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi.

Dai risiti ya kompyuta na ya kazi. Katika Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji, na risiti yenye maelezo ya kile ulichoahidiwa ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Aliyeuziwa kompyuta kwa maelezo yasiyo ya kweli, au leseni isiyo halali kwa jina la halali, aanze kwa kulalamika kwa muuzaji kwa maandishi, atunze nakala, na asiporidhika apeleke lalamiko lake kwa mamlaka husika.

Wenye biashara wana wajibu pia. Orodha ya wadaiwa yenye majina na namba za simu ni taarifa binafsi za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezikusanya azilinde. Kuiacha diski ya zamani mezani kwa fundi, au kuiuza kama chuma chakavu bila kuifuta ipasavyo, ni kuwaanika wateja waliokuamini.

Tumrudie mama wa Morogoro

Tuseme mama yule, badala ya kuitikia, alimjibu fundi hivi: "Mwanangu, Windows tutaipiga, lakini si juu ya diski hii. Kwanza nitolee nakala." Diski ikaunganishwa kwa nje na kompyuta nyingine, ikanakiliwa nzima. Fundi akarudi kwenye ile ya mtumba, akabadili namna ya kusoma diski kutoka AHCI kwenda IDE, na Windows 7 ikaamka. Wakafungua programu ya mauzo na kuchapisha orodha ya madeni. Kisha mfumo wa zamani ukageuzwa kuwa kompyuta pepe, isiyo na intaneti, kwa ajili ya kusoma hesabu za nyuma tu. Mauzo mapya yakaanza kwenye mfumo mpya wenye leseni, na diski ya zamani ikafungiwa kabatini.

Kazi hiyo huenda ikachukua siku mbili badala ya saa moja, na ikagharimu zaidi kidogo. Lakini wakulima watakapofika baada ya mavuno, kila mmoja ataoneshwa mifuko aliyochukua na tarehe aliyoichukua, naye atalipa anachodaiwa, si zaidi na si pungufu.

Nasi tunamkumbusha kila mlaji: kompyuta hununuliwa tena, Windows hupigwa tena, lakini kumbukumbu zisizo na nakala hazina duka zinakouzwa. Usimruhusu mtu yeyote aanze na kilicho rahisi kupatikana kabla hajakulinda kwa kile kisichopatikana tena.